Mihimili ya Gari la Mzee Zainuddin

Mama Noa alianzia kwenye madirisha. Jina lake ni Ritha, Mbondei wa Muheza, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kushikilia nondo zisitikisike wakati kaka yake, Ernesti, anachomelea grili za nyumba za watu. Baadaye akashika mashine mwenyewe. Baadaye tena akachoshwa na grili, akahamia Tanga mjini, akakodi kiwanja kidogo Makorora na kuanza kuchomelea chesisi za malori. Lori linalobeba machungwa mwaka hadi mwaka hupasuka chini, na dereva akishampata fundi ambaye kazi yake haiachii njiani, hamwachi. Watu walishangaa kumwona mwanamke akiingia uvunguni mwa lori, halafu wakazoea.

Gari la Mzee Zainuddin lilikuwa kitu kingine. Lilikuwa gari dogo la Kijapani la viti viwili, jekundu, la paa la turubai linalofunuliwa, na kwa chini lilikaribia kugusa ardhi. Mzee huyo ana duka la vifaa vya ujenzi mjini na nyumba Chumbageni, na katika maisha yake ya kuuza saruji na misumari hakuwahi kujinunulia kitu cha kumfurahisha ila hilo gari. Jioni alikuwa akilitoa, akaenda nalo mpaka Raskazone, akarudi. Siku nyingine alimwachia Shehzad aliendeshe.

Shehzad ni mtoto wa marehemu mdogo wake. Alilelewa katika nyumba ile tangu hajaanza shule, na wakati huo yeye ndiye aliyekuwa akisimamia kaunta ya duka.

Siku moja Shehzad alilileta gari kwa Mama Noa kwa jambo dogo tu. Kibanio cha bomba la moshi kilikuwa kimekatika, bomba linagonga. Akamwambia atalipitia mchana, akaenda zake.

Mama Noa alivuta jeki ya magurudumu, akaisukuma chini ya gari mpaka kwenye mhimili, akapiga mpini. Hivyo ndivyo alivyozoea kuinua malori, na kwa lori hakuna ubaya, maana chesisi ya lori ni chuma kinene. Gari dogo kama lile halina chuma hicho. Lina mihimili miwili ya bati lililokunjwa, iliyopita chini ya sakafu kutoka mbele kwenda nyuma, mitupu ndani. Mahali pa kuweka jeki ni ubavuni, kwenye ukingo ulio chini ya mlango. Alisikia mlio, kama mtu aliyekanyaga debe. Akadhani ni jeki imejiweka sawa. Akainua upande wa pili vilevile, na mlio ukaja tena, ndipo alipoinama kutazama.

Mihimili yote miwili ilikuwa imebonyea. Pale jeki ilipogusa, bati lilikuwa limelala na kujikunja kwa pembeni, na upande wa kulia sakafu ya gari ilikuwa imesukumwa juu kidogo.

Alichomelea kibanio cha bomba. Alilishusha gari. Shehzad alipokuja, alimshukuru na kumuuliza kama kuna jingine. Mama Noa akasema hakuna. Alijiambia kwamba gari linatembea, kwamba atamwambia siku nyingine palipo na nafasi, amwombe alirudishe alinyooshe. Gari likatoka, likakata kona.

Siku hiyo nyingine haikuja. Alipokutana na Shehzad dukani aliuliza habari za nyumbani. Kila alipoondoka bila kusema, kusema kulizidi kuwa kugumu, kwa sababu sasa angelazimika kueleza na ukimya wake pia.

Kabla ya mvua za vuli, Mzee Zainuddin alilipeleka gari kwa fundi mwingine kubadilisha oili. Yule fundi alilala chini, akatoka akitikisa kichwa, akamwambia gari hili limepitishwa mahali pabaya, limekalia mawe. Na kweli Shehzad alikuwa amelichukua siku moja bila kuomba, akaenda nalo Pangani na rafiki zake, akapita na kile kipande ambacho lami ilikuwa haijafika. Mzee alilijua hilo na alikuwa amelinyamazia. Sasa hakulinyamazia tena.

Mama Noa aliyajua haya yote kwa sababu mzee alimletea gari yeye, akisema hana fundi mwingine wa chuma anayemwamini. Alimpa shikamoo, akamvutia kiti, na mzee akakaa akasimulia. Amemnyang'anya Shehzad ufunguo. Amemwondoa kaunta ya mjini na kumpeleka kwenye duka dogo la Muheza. Gari, alisema, si hoja. Kilichomuumiza ni kijana kumwangalia usoni na kusema hakugonga kitu.

"Nimemwambia neno ambalo sikuwahi kumwambia," mzee alisema. "Nimemwambia angekuwa wangu wa kumzaa ningemfunza ukweli mapema."

Mama Noa alikuwa amesimama na kitambaa cha kufutia mafuta mkononi. Huo ndio wakati aliopaswa kusema. Alichosema ni kwamba mihimili inatengenezeka.

Basi akaitengeneza. Aling'oa viti na zulia ili moto usije ukashika ndani. Safari hii aliliinua gari kwa kingo za ubavuni, polepole, akalikalisha juu ya magogo. Akapima kwa kamba kutoka kona hadi kona, mshazari na mshazari, akaona gari lenyewe halijapinda, ni mihimili tu. Akachomelea vishikio kwenye bati lililobonyea na kulivuta chini kidogo kidogo, huku akiligonga mpaka likarudi karibu na umbo lake. Palipochanika alikata, akaweka kipande kipya. Kisha akakunja bati nene kuliko la kiwandani, likawa kama mfereji, akalivisha juu ya kila mhimili kutoka mbele mpaka chini ya kiti. Alitoboa matundu ubavuni mwa bati hilo na kuyajaza kwa kuchomelea, tundu la huku, kisha la kule, akiacha chuma kipoe, kwa kuwa bati jembamba likipata moto mwingi mahali pamoja hupinda. Mwisho akapaka rangi ya kuzuia kutu ndani na nje.

Hakuwahi kufanya kazi nzuri kuliko ile, na haikumpa raha hata kidogo. Mafundi wa jirani walikuja kutazama wakamsifu, naye akawageuzia mgongo na kuwasha grenda ili asiwasikie. Chakula alikuwa akikiacha nusu. Alimpigia simu Ernesti akamweleza. Kaka yake akasema amalize kazi anyamaze. Kijana atasamehewa tu, ni damu yao. Akaongeza kwamba juzi alipita kwenye lile duka la Muheza kununua misumari, akamkuta Shehzad amekonda. Aliyasema hayo kama habari za kawaida tu, lakini ndiyo yaliyobaki kichwani mwa Mama Noa alipokata simu.

Mzee Zainuddin alikuja kulichukua gari baada ya swala ya alasiri. Aliinama kwa shida, akamulika chini kwa simu yake, akapitisha kidole kwenye chuma kipya.

"Sasa limekuwa na nguvu kuliko lilivyotoka kwao," alisema.

"Mzee, si Shehzad aliyeliumiza," Mama Noa akasema. "Ni mimi. Siku ile ya bomba la moshi niliweka jeki pasipo pake."

Mzee aliinuka taratibu akishika mlango wa gari.

"Ulijua siku ileile?"

"Nilijua."

"Na niliponena habari za mwanangu ulikuwa umesimama hapa."

"Nilikuwa nimesimama hapa, mzee."

Mama Noa alitamani amtukane, apate cha kujibu au cha kupokea. Mzee hakutukana. Alifuta kidole chake kwenye kanzu, ikabaki na alama nyeusi, akasema, "Mimi nina langu la kwenda kumwambia. La kwako kamwambie mwenyewe. Usinipe mimi nikubebee."

Kesho yake Mama Noa alikwenda Muheza. Alimkuta Shehzad kwenye duka lile dogo, nyuma ya mifuko ya saruji, akimkatia mteja waya. Kijana alimsalimu kwa adabu kama kawaida, akasema shikamoo mama, akamwomba asubiri. Mteja alipotoka, Mama Noa alimwambia yote akiwa wima, bila kukaa kwenye kigoda alichosogezewa.

Kijana alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jambo ambalo Mama Noa hakuwa amelifikiria.

"Lakini mimi nalikumbuka jiwe," alisema. "Mwanzoni nilikataa. Halafu nikawa nalala nafikiria ile njia ya Pangani, nikakumbuka jiwe, kule karibu na Kigombe. Nikakumbuka mpaka na mlio wake, nikaamini ni mimi. Nikampigia baba mkubwa, nikamwomba radhi kwamba nilimdanganya."

"Akasemaje?"

"Akasema radhi yangu imechelewa."

Mama Noa akamwomba msamaha. Shehzad akasema amesamehe, haraka, kama mtu anayefunga mlango ili mvua isiingie, kisha akamuuliza kwa nini hakusema siku ileile, maana yeye mwenyewe asingemwambia mzee, wangelitengeneza kimyakimya. Mama Noa akajibu kwamba aliogopa kuambiwa ni fundi asiyejua hata kuinua gari. Jibu lilikuwa la kweli, na kwa sauti lilisikika dogo sana. Akaingia mteja mwingine kutaka bawaba, na Shehzad akamgeukia.

Mzee Zainuddin alikwenda Muheza Ijumaa iliyofuata. Waliyozungumza wanayajua wao. Shehzad hakurudi naye. Alibaki kule mpaka msimu wa machungwa ulipokwisha, akisema duka linamhitaji, na alipokuja Tanga kwa Idi alikula, akaaga, akaondoka. Aliporudi mjini moja kwa moja ilikuwa kwa sababu miguu ya mzee ilianza kumsumbua na kaunta ilikuwa haina mtu.

Kazi za Mama Noa hazikupungua. Mzee hakumtangaza popote, wala gari hakulileta tena kwake. Wakikutana njiani anaitikia shikamoo yake na kuuliza habari za Noa, halafu hana swali jingine, ilhali zamani walikuwa wakisimama mpaka jua liwahamishe.

Majuzi Mama Noa alikwenda dukani kununua disiki za kukatia chuma. Shehzad alikuwa kaunta. Alizitoa, akaziweka mbele yake, na Mama Noa akaona hawezi kuondoka bila kuuliza, akauliza gari linaendeleaje.

"Lipo uani," Shehzad akasema. "Kila Ijumaa mzee ananipa ufunguo."

"Unalipeleka wapi?"

"Silipeleki. Nauchukua asivunjike moyo, jioni namrudishia."

Alizifunga disiki kwenye gazeti, akamkabidhi kwa mikono miwili, akamuuliza mteja aliyekuwa nyuma yake anataka nini.