Siku Tulipomuuza Ami

Katika sebule yetu ya Azaiba, ukutani juu ya kochi refu, zilitundikwa picha za jamaa. Upande wa kulia walikuwa watu wa mama: wazee wake, kaka zake sita, shangazi zake, na harusi tatu. Upande wa kushoto, ambao ni wa baba, alikuwapo mtu mmoja tu. Picha yake haikuzidi kiganja cha mtoto, lakini mama aliitilia fremu pana yenye nakshi za dhahabu. Mwanamume wa miaka thelathini hivi, uso umeiva kwa jua, chepeo kichwani, na gongo kalishika kwa mikono miwili kama anayemngoja mwizi. Huyo alikuwa Ami.

Tulijua machache juu yake. Alikuwa ndugu wa baba, alibaki nyuma baba alipohama Unguja kuja Maskati, na alikwisha kufa. Kila Ijumaa mama alimtaja kwenye dua. Mgeni akiuliza lile gongo la nini, mama alijibu, "Shamba lake lilikuwa na kima wengi." Kaka yangu, ambaye hutumia mkono wa kushoto, alikua akiambiwa kuwa amerithi kwa Ami, maana gongo lile lilishikwa kishoto. Mwalimu mmoja alipomlazimisha kuandika kwa mkono wa kulia, mama alikwenda hadi shuleni kumweleza kwamba mkono huo una wenyewe.

Mwaka juzi magoti ya mama yalianza kumsumbua. Baba alikuwa amekwisha kutangulia zamani, na nyumbani tulibaki mimi na mama tu. Nikampata dada mmoja wa Kenya, mtaalamu wa viungo anayekaa Ruwi, akawa anakuja mara mbili kwa wiki kumnyoosha. Siku ya tatu, mama amelala kwenye kochi na mguu uko hewani, yule dada aliinua macho ukutani akausahau mguu.

"Mama, huyu mchezaji ni nani?"

"Mchezaji gani? Huyo shemeji yangu."

"Ati shemeji? Mama, huyu ni mtu wa besiboli, ule mchezo wa mpira na gongo! Nilitibu bega la Mmarekani mmoja, kila siku alikuwa ananionyesha kwa simu kadi kama hizi, zamani ziliuzwa pamoja na chingamu, na watu wanazikusanya. Hata nguo ndiyo hii hii."

Nilimteremsha Ami, nikafungua fremu. Chini, pale palipokuwa pamefichwa na ule ubao wa dhahabu, palikuwa na jina la Kizungu kwa herufi kubwa. Nyuma palikuwa na safu za tarakimu na tangazo la chingamu. Mama alitazama kadi, akatazama dari, kisha akasema, "Ushushe basi mguu wangu, umekufa ganzi."

Yule dada ndiye aliyetuelekeza kwa kampuni moja ya mnada huko Amerika. Nikawapelekea picha za mbele na nyuma. Nilitarajia wanicheke, lakini jibu lilikuja siku ile ile, na lilikuwa na adabu nyingi mno. Walisema kiwandani picha ilichapwa kinyume, kulia kukawa kushoto. Kosa lilipogunduliwa, kadi zilichapwa upya, na zile za mwanzo zilizosalia ni za kuhesabu. Walitaka kujua kama tuko tayari kuiuza.

Siku ya pili kaka alivuka mlima kutoka Al Amerat. Nilimsomea barua yote. Alikuwa ameshika kikombe cha chai, kwa mkono wa kushoto kama kawaida, akakitazama kana kwamba kimemsaliti.

"Kwa hivyo si ami yetu."

"Si ami yetu."

"Na hata mkono wa kushoto si wake?"

"Si wake. Ni kosa la kiwanda."

Ni mtu mzima, ana wajukuu wawili, lakini siku ile alikisukuma kikombe mbali kama mtoto aliyenyimwa kitu. "Wallahi nimemsomea Fatiha tangu sijabaleghe," alisema.

"Na thawabu zako unazo," mama akajibu. "Haya, muuzeni. Mimi nnataka kumaliza jambo hili kabla magoti hayajanimaliza."

"Mtu hauzi jamaa yake, mama!"

"Jamaa gani huyo anayetangaza chingamu?"

Tulikwenda pamoja na kaka kuituma kadi, na hilo lilikuwa kosa langu. Kijana wa kaunta ya vifurushi aliuliza kwa Kiarabu, akiwa tayari kujaza fomu, "Ndani muna nini?" Kabla sijafungua mdomo kaka alijibu kwa huzuni, "Ammi." Kijana aliondoa mikono juu ya bahasha. Akatupa pole, akatukumbusha kuwa sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea, kisha akaeleza kwa upole kwamba mabaki ya maiti yanahitaji kibali. Ilinichukua robo saa kumtuliza, na msimamizi wake pia akaja kuchungulia.

Mnada uliangukia Jumamosi, kwao asubuhi, kwetu baada ya Alasiri. Niliunganisha simu na televisheni. Mama aliagiza halwa, akapika kahawa, akavaa kanga mpya. Yule dada wa viungo alikuja ingawa haikuwa siku yake ya kazi. Kaka alifika mwisho, akakaa kwenye kona karibu na dirisha, simu yake mwenyewe mkononi.

Bei ilianza chini, ikapanda taratibu, ikasimama. Nikadhani ndiyo basi. Mara watu wawili wakaanza kushindana, huyu akitaja, yule anaongeza, na mama, ambaye hajui neno la Kiingereza, akawa anasema "Ee-heee!" kila namba ilipobadilika. Hapo ndipo nilipoona kaka ametokwa jasho, kidole kinagonga simu kama kuku anayedonoa mtama.

"Wewe unafanya nini?"

"Sifanyi kitu."

Nikampokonya. Alikuwa amejiandikisha mnadani. Kila alipotaja bei, yalimjia maneno yale yale: ombi lako la kujiunga bado linakaguliwa. Alikuwa amegonga mara kumi na saba.

"Unataka kumnunua Ami?" niliuliza.

"Asiende kwa watu," alisema.

Dada wa Kenya alishindwa kujizuia. "Lakini kaka, ungeshinda ungemlipa nani? Si ni mama yako?"

"Na hao wenye mnada wangechukua fungu lao," mama aliongeza. "Tungelipa ili tukae na kitu chetu. Khalas, weka simu, ule halwa."

Ikauzwa. Pesa zake zingetosha gari dogo jipya. Tulishangilia wote isipokuwa mmoja, naye alikula halwa kimya kimya.

Mama alimsogezea kikombe. "Sikiliza, mwanangu. Mimi nlijua tokea mwanzo."

Tukamgeukia wote.

Akatueleza. Baba alikulia yatima, hakuwa na mtu. Kabla hawajaoana alikuwa dereva wa Wamarekani fulani waliokuwa Unguja, na mmoja wao, siku ya kuondoka, alimpa kadi ile akamwambia aitunze, ni kitu anachokipenda. Walipohamia nyumba hii, mama alitundika jamaa zake, baba akasimama mbele ya ukuta akauliza, kwa mzaha, "Na upande wangu?" Mama hakuupenda ule mzaha. Kesho yake akanunua fremu.

"Jirani wa kwanza aliyeuliza, nikamwambia ndugu wa mume wangu," alisema. "Baba yenu akacheka mpaka akakaa chini. Basi kila mgeni akija, yeye mwenyewe anaongeza jambo. Wale kima ni wake, si wangu."

Kaka alicheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, akacheka mpaka akafuta macho.

Pesa mama alizigawa mwenyewe. Fungu kubwa lilitujengea sabili, bomba la maji baridi ya bure kwa wapita njia, nje ya ukuta wetu, kwa jina la baba, na lililobaki lilimpeleka Makka kwa umra, kaka akimsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Siku hizi mama hukaa dirishani tangu asubuhi kuwachunga wanywaji. Mpita njia akisahau kufunga bomba, humgongea kioo kwa pete yake hadi arudi.