Tajiri Kakwama Juu ya Lori

Leo nimecheka mpaka kanga imenidondoka, Mungu anisamehe.

Mwanangu Hamisi, dereva wa lori, si mnajua yuko nyumbani na plasta mguuni? Ngazi ya mlango wa lori ilikatika, akaruka, kifundo kikavunjika. Tajiri wake akasema, "Vijana wa siku hizi laini. Si unaruka tu!"

Basi leo niko yadi nauza uji, tajiri kaja. Kapanda lori lile lile alikague, makuli wawili wanamsukuma.

Kushuka sasa!

Miguu inaning'inia, jasho linamtoka.

"Mama Hamisi, nisogezee benchi lako!"

Nikalikalia.

"Si unaruka tu, baba."

Makuli hoi kwa kicheko.

"Nikivunjika je?"

"Kamuulize Hamisi."

Wallahi sikumpa. Nikamwambia aite kwanza fundi wa kuchomelea. Kapiga simu huko huko juu, kakaa mpaka fundi akaja, ngazi ikaisha kuchomelewa.

Ndipo nikamfundisha: "Geuka, uso kwenye gari, mikono ishike, kama unashuka mnazi."

Kashuka hivyo hivyo.

Halafu nikaikanyaga ile ngazi mwenyewe mara tatu, na unene wangu huu. Imekaza. Mwanangu atashukia hiyo.

Haya semeni, nimekosea?