Mpishi wa Pizza Isiyo na Kitunguu

Evarist Byabato alipofika kuomba kazi ya upishi nyumbani kwa Jagdish, mwenye duka la vitambaa mjini Bukoba, hakuulizwa cheti wala barua ya mchungaji. Mke wa Jagdish, Induben, alimwamuru anyooshe mikono, akaiinamia, akainusa kidole kwa kidole.

"Leo asubuhi umeshika kitunguu," alisema. "Rudi kesho."

Evarist alirudi kesho yake, akiwa amekunywa uji mtupu, akaajiriwa. Hiyo ilikuwa Julai mwaka 1986, naye alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita.

Induben alikuwa Mjaini. Dini yake ilimkataza nyama, samaki na mayai, tena ilimkataza mboga zinazochimbwa ardhini, kama vitunguu, viazi na karoti, kwa kuwa kung'oa mzizi ni kuua mmea pamoja na vijidudu vinavyoishi humo. Jua likishatua hakula tena. Evarist, Mlutheri wa Kanazi, alijifunza masharti hayo kama alivyojifunza katekisimu utotoni: aliyakariri kwanza, maana yake ikaja baadaye.

Pizza ilikuwa chakula cha Jumamosi mchana. Evarist alikuwa amejifunza kuipika katika nyumba ya wageni ya misheni, ambako wageni kutoka ng'ambo waliipenda yenye soseji, duara za vitunguu na yai lililopasuliwa katikati. Induben aliposikia maelezo hayo alifumba macho, kisha wakaketi wawili jikoni wakaitengeneza upya. Hamira aliikataa kwa kuwa aliihesabu kuwa na uhai. Unga ukaumuliwa kwa maziwa mgando na magadi kidogo. Tanuri halikuwapo, pizza ikaokwa juu ya tawa, kikaango cha chapati, ikafunikwa na kupaliwa mkaa juu na chini, kama watu wanavyopalia wali. Juu ya rojo la nyanya zilikaa pilipili hoho, punje za mahindi mabichi na jibini ya kopo, nayo haikufunguliwa kabla Induben hajavaa miwani na kusoma karatasi yake mstari kwa mstari.

Kila mtu nyumbani humo alikuwa na upande wake wa pizza. Ashish, mtoto wa kwanza, alitaka mananasi, nayo yaliletwa kutoka Kishanda kwa shemeji zake Evarist. Darshana, mdogo wake, alitaka jibini tupu mpaka ukingoni. Jagdish alitaka pilipili mbichi hadi jasho limtoke kipajini. "Pizza ya mke wangu ni ya wodini," alikuwa akimnong'oneza mpishi. "Ya kwangu ipe uhai." Induben, aliyesikia kila kitu, alikuwa akijibu bila kuinua uso, "Mpe, Evarist. Tumbo ni lake, usiku wa leo atanisimulia."

Watoto walikua, wakahamia Uingereza. Majirani wa Kihindi nao walihama mmoja mmoja, hata barabara nzima ikabakiwa na nyumba zao tatu. Tetemeko la mwaka 2016 lilipasua ukuta wa ghala, ukazibwa kwa saruji. Pizza ya Jumamosi haikukoma, ila upande wa mananasi na upande wa jibini tupu haukupikwa tena.

Mwezi Februari mwaka 2023 Induben, akiwa na miaka sabini na minne, aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Upasuaji ulikwenda vizuri. Kilichogoma ni chakula. Dengu aliisukuma kando. Wali wa maziwa aliutapika. Mikono yake ilikonda hata bangili zikawa zinavuka kiwiko. Kitu kimoja tu ndicho kilichopita kooni: robo ya pizza, iliyokatwa vipande vidogo kama vya mtoto anayeachishwa ziwa. Evarist akawa anaipika kila siku.

"Huo ni unga na nyanya," daktari alimwambia Jagdish barazani, Evarist akiwa amesimama na sinia ya chai. "Jibini hiyo kidogo haitoshi. Kidonda hakifungi, damu inashuka. Apate mayai, samaki, hata supu ya mifupa. La sivyo, Mzee, sidhani kama ataiona Pasaka."

"Huyu hajameza yai tangu azaliwe, Daktari. Nimwambie nini?"

"Mwambie akubali kuishi."

"Nimemwambia," Jagdish alisema. "Ameniuliza, aishi akiwa nani."

Jumapili hiyo Evarist alikwenda nyumbani kwake Kanazi, akamsimulia mkewe, Joanitha, aliyekuwa akimenya ndizi za mchana. Joanitha hakuacha kumenya.

"Nilipojifungua Kamala nikakaribia kufa, ulininywesha nini, Baba Kamala?"

"Supu."

"Supu ya nini?"

"Ya makongoro ya ng'ombe."

"Basi. Au Wahindi wana mifupa ya mbao, inapona kwa nyanya?"

"Ni dini yake, waitu," Evarist alisihi.

"Nimesikia. Na siku ya maziko yake utasimama wewe, mzee wa kanisa, utangaze kwamba amekufa kwa njaa jikoni mwako, lakini masharti uliyashika vizuri."

Jumatatu alfajiri, kabla ya kufika kazini, Evarist alipita buchani kwa Muhidini.

"Mzee wa pizza," Muhidini alicheka, "makongoro manne? Mama wa Kihindi amebadili dini?"

"Ni yangu. Magoti yananisumbua."

Magoti yake hayakuwa na kasoro yoyote. Alinunua pia sufuria mpya, maana hakuweza kuvumilia kuvitia unajisi vyombo vya Induben, akachemshia humo makongoro katika chumba chake kidogo nyuma ya ghala, hadi mifupa ikaachana na maji yakawa mazito. Aliichuja supu kwa kitambaa mara tatu, akaiengua mafuta, akaitumia kupikia rojo la nyanya mpaka rangi na harufu vikawa vya nyanya. Alipolimimina rojo juu ya unga, aliona mkono wake umetulia kabisa, na jambo hilo ndilo lililomtisha.

Induben alikula robo. Akatazama sahani, akaomba kipande kingine.

"Nyanya hizi zimetoka wapi?"

"Ijumbi, Mama."

"Nunua hizo hizo."

Akazinunua hizo hizo, na makongoro pia. Siku ya sita Induben alimaliza nusu ya pizza. Siku ya kumi aliketi kitandani bila kuegemezwa. Siku ya kumi na tano alivuka chumba kwa gongo la miguu minne, Jagdish akimfuata kwa nyuma na mikono iliyonyooshwa kama mtu anayefukuza kuku. Daktari alipima damu, akapima tena, akasema hajui walichofanya lakini waendelee nacho.

Siku ya kumi na tisa Darshana alipiga simu ya picha. Evarist alikuwa akikusanya vyombo. Mazungumzo yalikuwa ya Kigujarati, lugha aliyoielewa vizuri baada ya miaka thelathini na saba, ingawa hakuwahi kuizungumza.

"Madaktari walitaka nile maiti za wanyama," Induben alikuwa akisema. "Nikasema hapana. Sasa nitazame. Kinywa changu ni safi tangu siku niliyozaliwa, na usafi huo ndio ulioniinua. Uwaambie watoto wako. Hata wakiwa huko, waushike."

Kisha akaigeuza simu, akasema kwa Kiswahili, "Na huyu hapa ndiye aliyenilindia usafi huo. Msalimie Kaka Evarist."

"Shikamoo, Kaka," Darshana alisema, akilia na kucheka. "Nifundishe hilo rojo, niwapikie wanangu."

Evarist aliitikia, akasingizia moto jikoni, akatoka. Angeweza kunyamaza kuhusu supu. Ila sasa alitakiwa kusimama kama shahidi wa jambo lisilokuwa kweli, mbele ya wajukuu ambao wangelipokea kama urithi. Mchana huo alimfuata Jagdish dukani, akamweleza yote, tangu buchani hadi kitambaa cha kuchujia.

Jagdish alikuwa akikunja jora la kitenge. Alilikunja mpaka mwisho, akaliweka rafuni, akarudi.

"Umemwambia?"

"Bado, Mzee."

"Usimwambie. Mimi nakushukuru, unasikia? Nakushukuru. Sasa acha makongoro, nyamaza, tuzeeke."

"Ameanza kuwafundisha watoto wa Darshana kwa jambo hili, Mzee. Siwezi kumpelekea sahani tena."

Jagdish alimshika bega. "Evarist, nisikilize vizuri. Kwao Wajaini kosa la chakula hulipwa kwa kufunga, siku kwa siku. Ukishindwa kabisa kunyamaza, sema ni mara moja. Atafunga siku moja, atalia, atakusamehe. Mara moja tu. Nakuomba kama ndugu."

Evarist aliinamisha kichwa, na Jagdish akadhani amekubali.

Waliingia chumbani kwa Induben pamoja. Evarist alisimama mwisho wa kitanda, mikono mgongoni, akasema kwa sentensi fupi kwamba katika rojo alitia supu ya mifupa ya ng'ombe, kwamba hakuna aliyemtuma, na kwamba alifanya hivyo ili asife.

Induben aliufunika mdomo kwa ncha ya sari, akakaa hivyo hata mvua ya nje ikaanza na kukoma. Alipouondoa mkono aliuliza jambo moja.

"Siku ngapi?"

Jagdish alikohoa. Evarist alimwona kwa pembe ya jicho, mzee aliyeushika mlango kwa mikono miwili. Neno "moja" lilikuwa tayari kinywani mwake; alikuwa amelibeba kutoka dukani. Lakini mwanamke aliyekuwa mbele yake alikuwa akimwuliza kama alivyomwuliza kila siku kwa miaka thelathini na saba: jibini hii ina nini, mafuta haya ni ya nini, kijiko hiki kimegusa wapi. Hakuwahi kupewa jibu lenye kuficha hadi siku ile ya nyanya.

"Kumi na tisa, Mama."

"Kumi na tisa," Induben alirudia. "Haya. Nitaanza kufunga kesho."

Alifunga kwa maji tu, yaliyochemshwa, tena mchana tu. Jagdish alimsihi, akamkaripia, akapiga magoti. Ashish na Darshana walimwomba kwa simu hadi chaji ikaisha. Dada yake aliyekuwa Jamnagar, India, alimweleza kwamba mgonjwa huruhusiwa kupunguza. Induben alijibu kwamba alikuwa mgonjwa pia alipokula, na hakupunguza. Maji yenyewe aliyakataa yakiletwa na mumewe, kwa hofu kwamba yametiwa kitu. Alitaka yaletwe na Evarist.

"Huyu akiulizwa, anasema," alieleza.

Kwa hiyo mpishi, ambaye hakuwa na chakula cha kupika, kazi yake ikawa maji. Aliyachemsha, akayapoza, akayapeleka mara nne kwa siku. Kila mara Induben alishika bilauri na kuuliza, "Ni maji?" Naye alijibu, "Ni maji, Mama." Zaidi ya hapo hawakusemezana.

Siku ya tisa macho yake yalikuwa yameingia ndani, na sauti ilikuwa imefifia. Jagdish aliingia jikoni akiwa na pakiti ya glukosi, akaiweka mezani.

"Haina mnyama. Haina mzizi. Kijiko kimoja tu katika kila bilauri. Hataijua ladha yake. Ulimi umekwisha kufa." Aliisogeza pakiti karibu naye. "Ulimdanganya siku kumi na tisa akapona, Evarist. Mdanganye siku kumi zilizobaki."

Evarist aliitazama pakiti. Alijua kwamba alichoombwa kilikuwa kidogo, na kwamba kingefaa. Aliweka maji motoni. Yalipopoa aliyamimina katika bilauri, akaibeba hadi chumbani, Jagdish akibaki jikoni na kuegemea meza.

Ilibidi amwinue Induben kichwa kwa kiganja. Midomo ilikuwa imepasuka.

"Ni maji?"

"Ni maji, Mama."

Alikunywa mikupuo miwili, akamwashiria amlaze.

Alifariki siku ya kumi na mbili, saa tatu asubuhi. Ashish na Darshana walikuwa bado njiani. Wanaume waliosalia katika jamaa yao hawakutosha kulibeba jeneza, hivyo Evarist alishika nguzo ya nyuma kushoto, na Muhidini wa buchani, aliyefunga duka ili ahudhurie, akashika ya kulia bila kujua chochote. Kuni za kuuchomea mwili zilikuwa na unyevu, na moto uliwasumbua.

Waliporudi, Jagdish alikwenda moja kwa moja jikoni. Pakiti ya glukosi ilikuwa pale pale alipoiweka, na gundi ya mdomo wake haijabanduliwa. Aliichukua, akaigeuza upande wa pili, akamtazama Evarist aliyekuwa akivua viatu vyenye majivu mlangoni.

"Hukuweka."

"Sikuweka, Mzee."

Jagdish alitikisa kichwa kama mtu aliyesomewa hukumu aliyoitarajia. Kisha akasema wageni wako sebuleni, na chai haijachemshwa. Evarist alinawa mikono mpaka viwikoni, akawasha jiko.