Amana Ndani ya Kopo

Honorata, mjane muuza dagaa hapa Rusimbi kando ya ziwa, hajawahi kupoteza kitu cha mtu. Hilo analisema mwenyewe, hata pasipo mtu kuuliza. Sufuria za jumuiya zinakaa kwake. Mwavuli wa marehemu katekista uko kwake mpaka leo, na wenyewe wameshamsahau marehemu.

Kwa hiyo mwaka tisini na sita, wakimbizi walipokuwa wanashushwa na maboti, mwanamke wa Burundi aitwaye Jovita alilala kwake siku nane. Siku ya kupandishwa lori kwenda kambini Kasulu, akamwachia kopo la maziwa ya unga lenye udongo na majani manne.

"Mama, nitunzie. Nimelichimba kwetu mlimani, uani kwa mama yangu. Kambini mbuzi watalila."

"Linaliwa?"

"Na mbuzi."

"Ni dawa?"

"Ni ua tu, mama."

Honorata akalitazama kopo. Mtu ameacha mbuzi, vyungu na kitanda, kabeba ua. Lakini amana ni amana. "Utalikuta," akasema, na lori likaondoka.

Akalipanda mbele ya nyumba, kwenye jua la kukaushia dagaa, ili kila apitaye aone kwamba limetunzwa. Majani yake yamechanika kama vidole, yana manyoya. Ikifika saa nne asubuhi yanalala kama mgonjwa. Alilimwagilia asubuhi na jioni. Alilifunikia kanga. Mwaka wa kwanza likatoa maua matatu ya rangi ya zambarau iliyofuliwa sana. Mwaka wa pili mawili.

Aikande, bibi shamba aliyeletwa kutoka Machame, alipita akasimama.

"Hili ni jerania la mwituni, mama. Kwetu mlimani yapo. Linataka ubaridi na unyevu. Lihamishie nyuma."

"Nyuma ni chooni. Amana ya mtu niiweke chooni?"

"Basi likimaliza maua likate mpaka chini. Litalala, mizizi haifi. Mvua zikianza litaamka."

Hilo la kukata alilikubali, maana lilihitaji panga.

Kiangazi cha mwaka elfu mbili likakatwa, likalala. Wiki hiyohiyo akaja wifi yake, Winfrida wa Simbo, kusaidia kupokea washenga wa binti wa Honorata. Kwetu wifi akija akakaa tu, atasemwa mpaka siku ya kuzikwa kwake. Na uwanja wa mbele wenye majani ni aibu, tena ni njia ya nyoka. Winfrida akaamka alfajiri, akachukua jembe, akaparura uwanja mpaka ukang'aa kama kichwa cha mwalimu mkuu.

Washenga wakala, wakasifu uwanja, wakaondoka. Ndipo Honorata akatazama chini.

"Wifi, hapa palikuwa na visiki vidogo."

"Vile vikavu? Nimeving'oa, nimetupa huko nyuma. Usinishukuru."

Hakushukuru. Alichimbua jalala zima, siku mbili, majivu na maganda ya mihogo. Akapata mifupa ya samaki wetu migebuka na kijiko alichokuwa amenituhumu mimi, jirani yake, kwamba nimekiiba. Mizizi hakuipata. Mimi hakuniomba radhi, nami nikaacha kumsalimia.

"Winfrida, umeniua."

"Kwa majani?"

"Kwa majani."

Miaka mitatu hakukanyaga Simbo. Kipaimara cha mtoto wa Winfrida alituma kilo ya chumvi.

Mwaka elfu mbili na tatu Jovita akatokea na kibali cha siku mbili, mvi kichwani, anarudi kwao. Kopo lake tupu mkononi. Honorata akapika wali na mgebuka, akamjazia sahani mara tatu ili mdomo usipate nafasi ya kuuliza. Jovita akala, akanawa, akaomba aonyeshwe choo. Akakaa huko muda mrefu. Honorata akamfuata, amekwishatayarisha maneno ya kukiri.

Nyuma ya choo, kwenye uchochoro mwembamba baina ya choo na ukuta wangu, ambako Honorata hakuwa akipita, pale maji yangu ya kuoshea dagaa yanapopita, Jovita alikuwa amechuchumaa. Mbele yake kichaka kinafika magotini, maua hayahesabiki, na mbegu zenye mdomo mrefu kama wa korongo. Mimi nilikuwa nayaona kila siku kutoka dirisha la jiko. Nilidhani hatimaye kamsikiliza Aikande. Hatukuwa na maongezi.

"Mama," Jovita akasema, "ulijuaje? Hata kwetu lilikuwa nyuma ya choo."

Honorata angeweza kusema lolote. Nilikuwa dirishani, ningesikia.

"Si mimi," Honorata akasema. "Mimi nilikuwa naliua. Ni wifi yangu wa Simbo aliyelitupa hapa, akidhani ni takataka."

Jovita akaomba jembe, akaupasua mzizi katikati. Nusu akaitia kwenye kopo, nusu akairudisha ardhini.

"Beba lote, ni lako."

"Nikikimbia tena nitalikuta wapi?"

Honorata akapokea jembe, akakata kipande kwenye nusu iliyobaki.

Jumamosi akaenda Simbo, kipande cha mzizi ndani ya gazeti. Winfrida akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Leo umepotea njia, wifi?"

"Chukua. Lipande nyuma ya choo."

"Kwa nini huko?"

"Unaniuliza mimi? Wewe ndiye unayelijua."