Mpangaji Wangu wa Mita Mia

Mimi shule niliachia darasa la sita, nikaanza kusukuma mkokoteni hapa Eldoret. Leo nyumba nane za mawe pale mtaa wa Munyaka ni zangu, na hakuna mtu aliyenisaidia hata jiwe moja. Nasema hivyo ujue kwa nini bingwa wa dunia alikaa kwangu badala ya hoteli. Kwangu ni safi, na maji hayapotei.

Alitoka kisiwa kidogo huko Karibi. Kiingereza changu ni cha darasa hilo la sita, lakini tulielewana. Alikuwa amekimbia mita mia miaka mingi, sasa umri umesonga, na msuli wa paja ulikuwa umechanika mara mbili. Daktari alimwambia ukichanika tena, basi. Alitaka mbio moja tu ya mwisho, nyumbani kwao, mamake akiwa amekaa pale anamwona. Alikuja kwetu kutafuta hewa ya nyanda za juu na utulivu.

Shida ni kwamba sisi huku mbio fupi hatuzijui. Yeye anakimbia mita sitini uwanjani, halafu anakaa kwenye nyasi dakika kumi. Anakimbia tena, anakaa. Mama anayeuza mboga kwa geti langu akaniuliza, "Mzee, huyo mpangaji wako ni mgonjwa?"

"Huyo ni bingwa."

"Bingwa wa kukaa?"

Siku ya soko kule mji wa Ziwa niliwaambia wanaume wa huko kwamba nimeweka bingwa kwangu. Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Nilirudi nimechemka.

Alhamisi ndiyo siku wakimbiaji wetu hujazana kwa barabara ya vumbi: dakika moja kali, dakika moja polepole, hivyo hivyo mpaka saa nzima iishe. Nikamwambia twende. Akakataa.

"Mzee, mwili wangu ni wa sekunde kumi."

Nikamwambia mtu hawezi kula ugali wangu na kunywa maziwa yangu halafu aniaibishe. Alinitazama kwa uchovu, akavaa viatu.

Nilimfuata nyuma na bodaboda. Kufika dakika ya ishirini wasichana walishampita, wakimwambia, "Pole, anko!" Kwenye kona wanaume wa Ziwa walikuwa wamesimama. Ni mimi niliyewaita. Nikapiga kelele, "Wewe ni bingwa ama si bingwa? Waonyeshe!"

Akawaonyesha. Sijawahi kuona binadamu akienda hivyo. Kundi zima aliliacha kama mahindi yaliyopandwa. Halafu akashika paja, akarukaruka na mguu mmoja, akakaa chini kwenye vumbi.

Nilipomfikia hakuwa hata na hasira. "Haya, Mzee," akasema. "Wameona."

Nilimpeleka uwanja wa ndege mwenyewe, mguu ameunyoosha kiti cha nyuma.

Wanaume wa Ziwa siku hizi wananiamini. Kila soko wananiomba niwasimulie, nami nasimulia, ila nikifika pale kwenye kona nachoka, naagiza chai nyingine. Maneno niliyopaza pale waliyasikia wenyewe; hakuna anayeyataja.

Siku ya zile mbio za kwao nilikaa mbele ya televisheni mchana mzima. Hazikuonyeshwa huku. Hata zingeonyeshwa, ningekuwa natafuta mtu ambaye hayumo, na mama mmoja ambaye sura yake siijui.