Ruhusa Niliyompa Mpwa Wangu

Mpaka leo sijaielewa kazi ya mpwa wangu. Anaitwa mchezaji wa mpira, lakini mpira wenyewe umechongoka kama papai, na yeye hata haupigi teke. Anapewa mkononi, anaukumbatia kifuani, anakimbia nao, na majitu manne yanamvaa na kumbwaga chini. Anainuka. Anapewa tena! Miaka saba amefanya hivyo huko Marekani, na ndiyo ajira yake.

Alizaliwa hapa Mafiga, akaondoka mdogo na dada yangu na shemeji. Mwaka jana alikuja peke yake, kifua kama kabati, akanionyesha video kwenye simu. Nikamuuliza, "Sasa kwa nini usiwaachie tu huo mpira wao?" Akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Kumbe alikuwa amekuja kufuata neno langu. Daktari wa kule alimwambia kichwa kimegongwa mno, aache. Timu ilimtaka msimu mmoja zaidi, na yeye mwenyewe roho yake ilikuwa uwanjani. Dada yangu akakataa kuamua, akamwambia, "Nenda kamuulize mjomba wako." Kwetu Waluguru ndivyo: mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Jamani, kauli juu ya kitu nisichokijua kichwa wala miguu!

Nikasema nimtazame kwanza. Tulipanda milimani kuwasalimia ndugu, akaniacha nyuma nahema. Anakula vizuri, analala vizuri. Na adabu je! Asubuhi moja alinikuta uani napiga mswaki. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba." Nakunywa chai, "Shikamoo, mjomba." Kabla ya saa nne, mara ya tatu. Nikawatambia majirani: wenu wamekulia hapahapa na salamu inawashinda, wangu katoka Marekani ananiamkia mara tatu! Wakakubali kwamba huyo kalelewa.

Basi kesho yake nikampa kauli. "Msimu mmoja tu, halafu basi." Akanibusu mkono, akasafiri.

Juzi, msimu ukiwa katikati, dada alinipigia simu analia. Mtoto anauliza jambo, anajibiwa, anauliza lilelile. Nikakaa sakafuni. Zile shikamoo! Mjinga mimi, nilikuwa najisifia ugonjwa. Lakini ningejuaje? Nani huwa anamshuku mtoto kwa kusalimia? Nikijitetea naona najidanganya, nikijilaumu naona najionea bure. Sielewi nishike lipi.

Nikampigia mwenyewe. Nikamwambia, "Mwanangu, ile ruhusa niliyokupa nimeitengua. Usiingie tena uwanjani, nimesema."

Kwa heshima zote akaniuliza, "Ruhusa gani, mjomba?"