Viatu vya Kiume Mlangoni Kwangu

Saa nne asubuhi mama mkwe wangu alikuwa amepiga magoti chumbani kwangu, kainua shuka, anatafuta mwanaume chini ya kitanda.

Si utani, jamani.

Nyuma yake alisimama Laith, shemeji yangu, kakunja ngumi. Mimi nimeganda mlangoni, mikono imejaa mchele na nyama ya kusaga, sijui nilie au nicheke.

"Yuko wapi?" mama mkwe akauliza.

"Nani, mama?"

"Usinifanye mtoto, Rudaina. Mwenye viatu! Leo mwanangu anakurudisha kwenu."

Viatu vilikuwepo kweli, na niliyeviweka ni mimi.

Ngoja niwape mkasa mzima, msije mkanihukumu bure.

Naishi mjini Irbid, ghorofa ya tatu. Mume wangu Mutasim anafanya kazi kiwanda cha vigae, anatoka saa kumi na mbili asubuhi, anarudi saa kumi na moja jioni. Majira ya baridi yaliyopita mimba yangu iliharibika. Nilikaa ndani wiki nzima naangalia ukuta. Mwishowe nikasema potelea mbali, nikanunua majani ya mzabibu, nikakunja dawali, nikapiga picha, nikazitupia mtandaoni.

Oda zikaja mpaka nikaogopa.

Sasa dawali si mchezo. Kila jani unalitandaza, unaweka mchele na nyama, unalikunja jembamba kama kidole. Kilo moja inakula saa nzima, na dereva wa kusambaza anapiga honi saa nane mchana, hangoji mtu.

Kazi yenyewe naiweza. Kilichonishinda ni mlango.

Ukiwa nyumbani, watu wanaona huna kazi. Jirani yangu wa mlango wa pili, Mama Nidal, alikuwa anaingia kila siku saa nne na birika lake la kahawa. Kikombe cha kwanza, cha pili, nani anaumwa, nani kaposwa. Kwetu mgeni wa kahawa ya asubuhi humwambii "nina kazi". Ni kama kumfukuza. Akitoka yeye anapanda wa ghorofa ya chini kuazima siki, naye anakaa.

Saa sita inafika nina nusu kilo mkononi.

Siku moja nikachelewesha kilo tano za karamu ya uchumba. Mteja akaniandika mtandaoni mbele ya watu wote: "Msimwagize huyu, atawaaibisha kwa wakwe." Oda nne zikafutwa siku hiyo hiyo. Nililia, wallahi. Biashara hii ndiyo iliyonibandua kwenye ule ukuta. Nikaapa haifi.

Ndipo akili ya kishetani ikanijia.

Kwetu mwanamke akikuta viatu vya kiume mlangoni hagongi. Anajua mume yupo ndani, anageuza. Lakini Mutasim ana jozi moja tu ya maana, na anaivaa kazini. Nikaenda soko la mitumba la Ijumaa, nikachukua viatu vya ngozi vya kahawia, hata namba sikuangalia. Mutasim akitoka, natoa viatu nje. Kabla hajarudi, navificha nyuma ya gunia la mchele.

Dawa ikakubali.

Siku ya kwanza nilisikia kandambili za Mama Nidal zikija, zikasimama, zikarudi. Nikacheka peke yangu jikoni. Nikabandika ratiba kwenye friji: saa moja kuchemsha majani, saa mbili mpaka saa saba kukunja, kisha picha na kujibu wateja. Nikafika kilo tano kwa siku. Hata yule mteja aliyenichafua akarudi kuagiza.

Miezi mitatu nilikula raha. Kwenye ngazi salamu zikawa za mkato, nikasema huo wivu, wameona nimechangamka.

Kumbe mjinga mimi. Jengo zima linamwona Mutasim akienda kazini alfajiri, na saa nne jengo zima linaona viatu.

"Mama, nimeviweka mimi," nikamwambia. "Ili watu wasiingie, nipate kufanya kazi."

Laith akacheka kwa dharau. "Umesikia, mama? Kazi."

"Kazi gani ya kufungia watu mlango?" mama mkwe akasema. "Nimelea watoto sita, nimeshona nguo za mtaa mzima, sijawahi kufungia mtu."

"Basi njooni muone jikoni!"

"Ataona mumeo. Laith keshampigia simu, kamwambia tunakagua chumba."

Tukakaa sebuleni watu watatu kama tuko msibani. Mama mkwe kakipakata kiatu kimoja. Majani yangu yanakauka mezani, simu yangu inalia kwa wateja, sithubutu kuigusa.

Mutasim alifika saa saba, vumbi la vigae mpaka kwenye nyusi. Mama yake hakumpa hata nafasi ya kukaa.

"Hiki cha nani?"

Mutasim akakitazama kile kiatu. Akanitazama mimi.

"Changu," akasema.

Laith akakichukua, akageuza soli.

"Kaka," Laith akasema, "wewe unavaa arobaini na moja. Hiki ni arobaini na nne."

"Miguu inavimba kiwandani. Au unataka kunipima?"

"Mbona hatujawahi kukuona navyo?"

"Laith, umeingia chumbani kwangu, mke wangu yuko peke yake, unamkagulia kitanda. Na bado una maswali? Nyanyuka. Mama, samahani, na wewe nyanyuka."

Mama mkwe akaweka kiatu chini taratibu. Walipotoka sikuamini. Nilitaka kumrukia mume wangu nimkumbatie hivyo hivyo na mikono yangu ya mchele.

Akafunga mlango. Akageuka.

"Wameondoka," akasema. "Sasa niambie. Ni vya nani?"

Jamani, acheni. Kelele zote za mama yake hazikuniumiza kama swali lile.

Nikamweleza kila kitu. Soko la Ijumaa, gunia, ratiba ya friji. Nikamvuta jikoni nikamwonyesha majani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua kiatu chake, akaingiza mguu kwenye kile cha kahawia. Ukaogelea mle ndani.

"Miezi mitatu," akasema. "Kila mtu anapita anaona viatu vya mtu mwingine mlangoni kwangu. Kasoro mimi."

"Mutasim, nilikuwa natafuta muda tu."

"Kwa nini hukuwaambia una kazi?"

"Ningewaambiaje?"

"Hivyo hivyo. Nina kazi, njooni jioni."

Chini dereva akapiga honi, akapiga tena, akaondoka. Sikushuka.

Kesho yake nikagonga kwa Mama Nidal nimejaa hasira, maana nilihisi aliyepeleka maneno ni yeye. Alifungua akiwa na beseni la maji. Kwa ndani nikamwona mumewe mzee kalala kitandani, nusu ya mwili imepooza. Nilijua anaumwa. Sikujua ni kiasi kile.

"Ni wewe uliyemwambia mama mkwe?"

"Ni mimi," akasema bila kupepesa. "Aliniomba nikuangalie, nikaona viatu, nikasema. Ulitaka nidanganye?"

"Uniangalie mimi? Tangu lini?"

"Tangu mimba yako iharibike. Alikuja hapa analia. Akasema, Mama Nidal, yule binti ananiogopa mimi, atakuambia wewe. Mpitie kila asubuhi, asikae peke yake." Akahamisha beseni mkono wa pili. "Unadhani mimi napenda kahawa kiasi hicho? Nilikuwa namwacha mzee huyu hajageuzwa, nije kwako. Ungeniambia una kazi, binti yangu, ningemshukuru Mungu nikalale."

Niliishia kumshikia lile beseni.

Siku hizi mlangoni kwangu kuna karatasi: "Niko kazini mpaka saa nane. Karibuni baada ya hapo." Hakuna aliyenuna hata mmoja. Mama mkwe huja alasiri, tunakunja pamoja, na ana mikono myepesi kuliko mimi. Hatujazungumzia ile siku.

Ila Mutasim sasa ananipigia simu ya video akiwa kazini. Mara moja asubuhi, mara moja mchana. "Nionyeshe majani," anasema, huku anacheka. Nanawa mikono, nachukua simu, namwonyesha majani. Halafu, bila yeye kuniambia, namzungushia korido, sebule, na chumba cha kulala. Anatazama mpaka mwisho ndipo anakata.

Ninyi mnaofanya biashara nyumbani, semeni wazi kwamba mko kazini. Kumwambia jirani kunachukua dakika moja ya aibu. Mimi dakika hiyo niliikimbia, na sasa sijui ni lini mume wangu ataacha kupiga.